Kadi Mia Moja Arobaini na Sita

Katika biro, yaani ofisi, ya kadi ya kampuni ya shaba, pale Kolwezi, kila mtu alijua kwamba Asia binti Swedi hakosei. Hayakuwa maneno ya kusifiana tu, yalikuwa yameandikwa. Kila mwisho wa mwaka shefu wa ofisi alibandika ukutani karatasi yenye majina ya akina mama wa mashine na hesabu ya makosa yao, na mbele ya jina la Asia palikuwa na sifuri, mwaka baada ya mwaka, tangu 1969. Wenzake walimtania kwamba hata akisonga ugali wa bukari anauhesabu chembe kwa chembe. Yeye alicheka, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwa, na hakukanusha.

Tusimlaumu. Binti wa mchuuzi wa chumvi kutoka Kasongo, aliyesoma kwa masista akiwa Mwislamu peke yake darasani, ana haki ya kujivuna kidogo. Na kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Karatasi ya mfanyakazi inawekwa mbele yako, nawe unaipiga kwenye mashine inayotoboa matundu katika kadi ngumu. Kadi zinasomwa na mashine kubwa, na habari za mtu zinaingia kwenye mikanda ya sumaku. Tundu likikaa vibaya, mtu anageuka: baba wa watoto sita anakuwa kapera, dereva wa treni anakuwa mpishi. Asia hakuwahi kumfanya mtu kapera.

Mwaka ule wa 1986 bei ya shaba ilikuwa imelala chini na haina dalili ya kuamka. Kampuni ilikata kila kinachokatika. Mikanda mipya haikuja tena kutoka Ulaya, kwa hiyo ya zamani ilifutwa ili iandikwe upya. Mashine ya baridi ilikufa, na akina mama wakawa wanaipepea mashine kubwa kwa vifuniko vya kartoni kama wanavyopepea mkaa. Kisha zamu ikafika kwa watu. Kila mwenye chini ya miaka kumi kazini angetoka, na orodha ingetolewa na mashine, ili pasiwe na lawama ya ndugu wala ya kabila. Hata depo la karatasi za zamani lilipangishwa kwa mwuza unga. Karatasi zote, tangu enzi za Wabelgiji, zingeuzwa sokoni Manika kwa akina mama wa karanga na mikate, wafungie bidhaa zao.

Ila kabla karatasi hazijatoka ilitakiwa sahihi moja, ya mtu wa kushuhudia kwamba mikanda inasema sawasawa na karatasi. Shefu Kabongo hakuhangaika kumtafuta mtu huyo.

"Mama Asia," alimwambia siku ya Jumatano, "kisha hii, biro itabakia na batu ine tu. We njo utakuwa shefu yao. Na nyumba unabakia nayo."

Asia alisema asante, lakini moyoni aliona kuwa shefu wa hao wanne ni haki yake.

"Na kamyo ya bwana yako? Inatembea?"

"Iko muzima, shefu. Haina tu mazuti."

"Amadi aende pa pompe ya kampuni, bamupe litre soixante. Siku ya posho itakuwa salongo, bafanyakazi bakuye kubeba makartoni. Yeye ataipeleka Manika. Karatasi ya sahihi, niletee mbele ya siku ya posho."

Siku ya posho ni Jumamosi, na salongo ilikuwa kazi ya lazima ya siku hiyo, isiyo na malipo na isiyo na udhuru. Asia aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mkoba wake.

* * *

Kwa Amadi, mumewe, lita sitini zile za dizeli zilikuwa zaidi ya mazuti. Kwa miezi minne lori lake la Magirus lilikuwa limesimama kando ya ukuta wa nyumba, na kuku walikuwa wanataga ndani yake. Dereva bila safari ni mtu wa kukaa na kungoja mke arudi. Tena nyumba yenyewe ilikuwa ya kampuni, imeandikwa kwa jina la Asia, na marafiki zake wa msikitini hawakumwacha asahau hilo. "Amadi, mwenye nyumba amekuruhusu kutoka leo?" waliuliza, wakapigana viganja.

Jioni ile ya Jumatano alitoka pompe akapita makusudi mbele ya msikiti, akapiga honi mara tatu, na mara ya tatu akaishikilia. Nyumbani alikula bukari na ndagala kwa furaha, akamweleza binti yao Latifa jinsi injini ilivyokohoa kisha ikakubali. Asia alimtazama akaona sura ya kijana aliyemwoa. Alifurahi sana, ukweli usemwe.

* * *

Alhamisi asubuhi orodha ya wanaotoka ilibandikwa, na saa tatu foleni ilikuwa imefika mpaka barabarani. Dirisha la kuuliza lilikuwa la Asia. Wengi walikuja kubisha, wakaonyeshwa tarehe yao, wakanyamaza. Kisha akaja mzee mmoja mwenye nywele nyeupe, kofia mkononi. Alikuwa Mukalay, fundi wa karakana ya kusagia mawe.

"Jambo yako, mama."

"Jambo, tata."

"Nimeona jina yangu pa orodha. Mashine inasema niko na myaka kenda mu kazi."

Asia alitazama orodha ya mashine, penye 1977. "Iko vile. Uliingia tarehe tatu ya Aprili, soixante-dix-sept."

"Apana, mama. Mi niliingia cinquante-et-un. Mu soixante-dix-sept, mutoto yangu ya saba alikuwa anatembea."

Tangu 1951! Watu wa nyuma wakacheka. Asia alikuwa amesikia maombi mengi tangu asubuhi, na subira ilikuwa imemwishia. "Tata, kama mashine inasema kenda, ni kenda. Ile kadi ilipita mu mikono yetu, na umu hatukoseake. Uko na kitabu yako ya kazi?"

"Ilipotea mu vita."

"Basi, bila karatasi, mi nitafanya nini?"

Kicheko kiliongezeka. Mmoja akasema kwamba tata amezeeka haraka sana kwa miaka tisa. Mukalay hakugeuka. Alimtazama Asia bila hasira, jambo ambalo ni baya kuliko hasira.

"Karatasi njo iko kwenu, mama," alisema. "Mi niliachia ninyi."

Akavaa kofia yake, akaenda.

* * *

Saa sita, Asia alichukua ufunguo wa depo. Msifikiri alikwenda kwa huruma. Alikwenda kumpata mzee yule na kosa, amwonyeshe karatasi yake mwenyewe, na jina la biro lisichafuliwe mbele ya foleni. Alilijua depo lile kuliko jiko lake. Alipita safu ya nne, akapanda ngazi, akatoa droo ya karakana ya kusagia mawe.

Karatasi ilikuwa ya manjano, pembe zimeliwa kidogo na mende. Mukalay Barnabé. Alama ya kidole gumba. Ameingia kazini tarehe 14 Mei 1951.

Aliisoma mara tatu. Kisha akafungua orodha ya mashine aliyokuja nayo: 3 Aprili 1977. Akatoa karatasi iliyofuata, ya mtu mwingine wa karakana ileile: ameingia 1958. Mashine: 3 Aprili 1977. Iliyofuata, 1963. Mashine: 3 Aprili 1977. Asia alikaa juu ya kartoni na kuendelea, droo nzima, akiweka alama ya penseli penye kila kosa. Walikuwa watu mia moja arobaini na sita, na kwa mujibu wa mashine wote waliingia kazini siku moja.

Akatafuta karatasi ndogo inayoambatana na kila rundo la kadi, ile ya kuonyesha nani alipiga na nani alihakiki. Aliipata. Tarehe 2 Julai 1978, wiki chache baada ya waasi kuingia Kolwezi na vita kupiganwa mjini. Kadi zilikuwa zimemwagwa sakafuni na kukanyagwa, na akina mama waliitwa wazirudie zote kwa siku kumi na tano, mashine moja tu ikifanya kazi. Mahali pa mhakiki palikuwa patupu. Mahali pa mpigaji paliandikwa A.S.

Kila mama wa mashine angeelewa mara moja. Mashine zile zilikuwa na kitufe cha kurudia: ukikibonyeza, kadi mpya inachukua maneno ya kadi iliyotangulia, usichoke kuandika namba ya karakana mara mia. Lakini ukifika kwenye tarehe lazima ukiachie. Kadi ya kwanza ya rundo ilikuwa ya kijana aliyeingia kweli tarehe 3 Aprili 1977. Asia hakukiachia kitufe. Tarehe ya kijana yule ikamwangukia kila mtu aliyekuja nyuma yake. Na kwa kuwa mshahara ulilipwa kwa cheo na si kwa miaka, hakuna aliyeona, mpaka siku miaka ilipogeuka kuwa kisu.

Alijaribu kuikumbuka siku ile ya Julai, hakukumbuka chochote, wala uchovu, wala njaa. Mikanda ya kabla ya vita ilikwisha kufutwa. Miaka ya watu wale ilibaki katika droo hii peke yake, na keshokutwa droo hii ingekwenda kufungia karanga. Alifikiria sifuri zile ukutani. Alifikiria kofia ya Mukalay.

* * *

Saa kumi alasiri Amadi alikuwa chini ya lori, anapaka grisi, miguu tu inaonekana. Asia alichuchumaa.

"Baba Latifa, nilikosa mu kazi. Kadi cent quarante-six."

Miguu ilitulia. "Lini?"

"Kisha vita."

Amadi alitoka chini ya lori taratibu, akasikiliza yote, akifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Nani ameona ile kosa?"

"Mi."

"Na mwingine?"

"Hakuna."

"Basi Mungu amekufunika. Na we unataka kufunua."

"Amenifunika mi. Bale batu, nani atabafunika?"

"Na sisi?" Sauti ya Amadi ilipanda, akaishusha kwa ajili ya majirani. "Watakutosha inje ya kazi, watatutosha inje ya nyumba. Latifa amebakisha myaka tatu pa masomo. Na mi, Asia? Jana nilipita pa musikiti na honi. Batu bote baliniona. Nitabaambia nini?"

"Ubaambie bibi yako alikosa."

Amadi alirudi chini ya lori akakaa huko mpaka adhana, ingawa grisi ilikuwa imekwisha.

Latifa alikuwa mlangoni, na daftari mkononi. Shuleni alikuwa amesimulia habari za sifuri za mama yake mpaka masista wanazijua.

"Mama, ile ya pa ukuta, ni bongo basi?"

Bongo ni uongo, na swali la mtoto halina mto wa kuegemea. Asia alitaka kusema ni kosa moja tu katika miaka kumi na saba, kwamba ilikuwa baada ya vita, kwamba mashine ilikuwa moja. Yote yalikuwa kweli.

"Ni bongo," alisema. "Sikujua, lakini ni bongo."

* * *

Ijumaa, Kabongo alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake, akaiweka juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakubwa wake huko juu na mwuza unga mlangoni, na kalamu yake ya mwisho, ya risasi, alikuwa ameikata nusu agawane na karani wake.

"Tia sahihi," alisema. "Kwa bale cent quarante-six, tutaandika maneno mbili: faili zao zilipotea juu ya vita. Batu bote banajua vita ilifanya nini hapa. Hakuna atauliza."

"Vita haikugusa kile kitufe, shefu. Ni kidole yangu."

"Mama Asia. Unajua règlement, sheria ya kazi. Kupita kadi cent, ni faute lourde, kosa kubwa. Kazi ya shefu imekwenda. Pengine na kazi yote."

"Najua. Mi njo niliipiga kopi, ile règlement."

Akamwekea mezani karatasi mbili. Ya kwanza ni ile ya sahihi, tupu kama alivyopewa. Ya pili ni ripoti yake, mistari mitano: nani, lini, kadi ngapi, namna gani, na ombi kwamba karatasi za depo zisitoke kabla ya kusahihishwa. Chini alikuwa ameandika jina lake zima.

"Ibandikwe pa ukuta," alisema. "Pale pa sifuri."

Kabongo aliisoma, akaitia kwenye mfuko wa koti lake la abakosi. "Rudia nyumbani, mama. Sahihi nitaipata kwa Ndaya."

Ndaya alikaa mashine ya pili, ubavuni mwa Asia, mwaka wa kumi na moja sasa. Alikuwa na watoto wanne na mume asiye na kazi. Asia alipita karibu yake akitoka, wakatazamana, lakini hakumwambia kitu. Kumwomba mtu mwingine ajiumize kwa kosa lako si jambo la heshima.

* * *

Jumamosi asubuhi Amadi aliwasha lori mapema, akaondoka bila kumwita mkewe apande. Asia alitembea mpaka depo peke yake, na alipoliona Magirus limeegeshwa mlangoni, kitako kimefunguliwa, tayari kupokea, alijua mumewe amechagua. Hakumkasirikia. Alihisi tu kwamba njia imekuwa ndefu.

Watu walikuwa wamejaa. Kampuni ilikuwa imewaita pia wale wa orodha, kwa onyo kwamba asiyefanya salongo asitegemee mfuko wake wa mwisho wa unga. Kwa hiyo waliokuwa wanafukuzwa walijipanga mstari mmoja na makarani, wakipokezana makartoni kutoka ndani. Mukalay alikuwa mlangoni, kartoni begani, kofia imesukumwa nyuma.

Kabongo alimpa Ndaya ile karatasi na nusu ya kalamu. "Tia sahihi, tuendelee."

Ndaya aliisoma, midomo ikitembea, mpaka penye maneno ya kuhakiki. "Shefu, inasema mi niliverifie karatasi zote. Niliverifie lini?"

"Tia tu, sitwayeni," alisema, kwa neno la serikali la kumwita raia.

Ndaya aliangalia kalamu, na mtu angeweza kuona watoto wanne wakipita usoni mwake mmoja baada ya mwingine. Hapo Asia akapita mbele ya mstari. Hakupaza sauti.

"Tata Mukalay, nakuomba, tua ile kartoni."

Mzee aliitua.

"Juzi, siku ya ine, ulikuja pa dirisha, ukaniambia kweli. Mi nikakukatalia mbele ya batu, bakakucheka. Leo, mbele ya batu, nakuambia: uliingia kazi tarehe kumi na ine ya Mei, cinquante-et-un. Nimeiona na macho yangu. Mi njo nilipiga kadi yako mubaya, yako na ya benzako cent quarante-cinq, bote ba karakana ya kusaga mawe. Hakuna mwingine alikosa. Ni mi, Asia binti Swedi."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Mama wa sifuri?" na mwingine akamwambia anyamaze. Mukalay alivua kofia yake.

"Ile karatasi yangu," alisema, "iko wapi sasa?"

"Iko umu mu makartoni. Ya benzako vilevile."

Mzee aliitazama kartoni iliyokuwa miguuni pake. Akaipangusa vumbi kwa kofia, akaikalia. "Basi mi nitabakia hapa," alisema, akaweka mikono magotini.

Mtu wa pili akatua kartoni yake, naye akakaa. Hakuna aliyetukana wala kupiga kelele. Walikaa tu, mmoja mmoja, mpaka mstari ukawa kikao. Ndaya alirudisha kalamu.

"Mi sikuverifie kitu, shefu," alisema. "Kama niko na pa kutia sahihi, ni pa kadi mupya, mama Asia akizipiga."

Kabongo aliwatazama waliokaa, akamtazama mwuza unga aliyekuwa anangoja ufunguo, akatazama viatu vyake. Wengine walisema baadaye kwamba aliogopa. Mimi nafikiri alichoka kubeba kitu ambacho hakukipenda. Akatoa ripoti ya Asia mfukoni, akainyoosha juu ya paja.

"Rudisheni ndani," alisema. "Orodha itafanywa tena." Kisha akamgeukia Asia. "Hii nitaituma ku bakubwa ba direksio vile iko. Sitabadilisha neno. Uko na mwezi moja ya kusahihisha. Kisha mwezi, mama, si mi nitaamua. Na nyumba itarudi kwa kampuni."

"Mwezi moja inatosha," Asia alisema.

Mukalay alisimama, akaja karibu. Hakumshukuru, na Asia angeona haya kama angeshukuriwa. Alimpa mkono, kama anavyompa fundi mwenzake, kisha akajitwisha kartoni yake akairudisha ndani mwenyewe.

* * *

Wakati huo wote Amadi alikuwa ndani ya lori, mikono kwenye usukani. Sasa mlango ukafunguka. Alishuka, akafunga kitako cha gari bila kumtazama mtu, akamwomba mlinzi bidoni tatu, yaani madumu, na kipande cha mpira.

Akapiga magoti kando ya tangi, akatia mpira, akavuta kwa mdomo. Mazuti yalimjaa kinywani, akatema, akavuta tena mpaka yakaanza kutiririka. Bidoni ya kwanza ilijaa polepole, na waliokuwa wanarudisha makartoni wakapunguza mwendo waone. Marafiki wawili wa msikitini walikuwamo. Amadi aliwaona.

Kabongo akamsogelea. "Acha, tata Amadi. Ni litre soixante tu. Nani atauliza?"

"Mazuti ilikuwa ya kubeba mizigo," Amadi alisema. "Mi sikubeba kitu."

"Na kamyo itarudi na nini?"

"Itabakia hapa. Iko na mazoea ya kusimama."

Alijaza bidoni zote tatu, akazipanga mlangoni pa depo, akamwita mlinzi ahesabu mbele ya watu na aandike. Injini ililamba kilichobaki, akalisogeza lori mpaka ukutani, likazimika lenyewe. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaujaribu, akaja aliposimama mkewe. Macho yake yalikuwa yanatiririka machozi, na alisema ni mazuti.

"Twende, mama Latifa."

Waliondoka kwa miguu, jua la saa nne likiwapiga. Asia alitembea ameinua kichwa, si kwa sababu hakuona aibu, bali kwa sababu aibu yake alikwisha kuitoa nje akaiweka mbele ya watu, na haikubaki ya kumwinamisha. Moyoni alihisi kiburi ambacho sifuri hazikuwahi kumpa. Amadi, ambaye kwa desturi yao hutangulia hatua tatu, alitangulia kidogo, kisha akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Bazee ya kwetu wanasema," Amadi akaanza, akatema tena kando ya njia, "kosa moja haliachi mke."

Asia alingoja.

"Sasa hii yako, mama, ni cent quarante-six."

Asia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akaziba mdomo kwa pembe ya kitenge.

"Ni moja," alisema. "Mi nilikosa mara moja. Mashine njo ilirudia."

Amadi alilipima neno hilo hatua kadhaa, kama dereva anavyopima daraja kabla ya kulipita, kisha akakubali kwamba ni moja.